Si Kila "Hapana" ni Pepo



Neno la leo liko Matendo ya Mitume 15:36-41. Lifungue ulisome lote, halafu urudi hapa. Leo nina maneno mengi kidogo, kwa hivyo kama uko kwa matatu au unahudumia wateja dukani, weka ujumbe huu pembeni uusome jioni ukiwa umetulia.

Ninaandika kwa ajili yako wewe uliyepokea ile barua pepe. Unaijua. Inaanza kwa kukushukuru kwa muda wako, inakusifu kidogo, halafu katikati kuna "hata hivyo". Ukishafika hapo huhitaji kusoma zaidi. Uliomba kazi, ukaitwa, ukahojiwa mara ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu. Ulikuwa umeanza kupiga hesabu ya kodi ya nyumba Nairobi. Mama alikuwa ameshamwambia shangazi. Sasa umebaki na simu mkononi, hujui utaanzia wapi.

Ninaandika pia kwa ajili yako wewe mama, wewe baba, wewe kiongozi wa ushirika wa nyumbani. Mtu akikataliwa kazi hapa kwetu Majengo halii peke yake. Nyumba nzima inalia, na mara nyingine sisi tunaomzunguka ndio tunamwongezea mzigo.

Kuna binti mmoja wa kanisa letu hapa Meru ambaye amenipa ruhusa nisimulie habari zake bila kumtaja jina. Aliomba kazi ya meneja wa bidhaa katika kampuni ya Nairobi inayotengeneza programu za simu. Alifika raundi ya mwisho, wakamkataa. Wiki tatu hakuonekana kanisani. Jumatano moja baada ya maombi ya mchana, mamake akabaki nyuma, akaniambia, "Pasta, huyu mtoto amefungwa. Hii ni mara ya nne anakataliwa. Kuna mtu upande wa babake anayechezea nyota yake. Nataka umwombee afunguliwe."

Nikamwuliza, "Mama, kwani kwa mahojiano walimwuliza nini?"

Akanitazama. "Hayo mimi sijui, Pasta."

"Basi tuanzie hapo. Mwambie aje tuombe pamoja, halafu atueleze walimwuliza nini."

Mpendwa, usinielewe vibaya. Mimi ni Mpentekoste. Ninaamini adui yuko, na nikiomba ninaomba nikiamini. Lakini nimehudumu miaka ya kutosha kuona kijana akipelekwa kuombewa kufunguliwa mara tano, kwa jambo ambalo angelifanyia mazoezi mara tano lingekwisha. Nimeona pia watu wakiwauzia wazazi wetu mafuta, maji na chumvi ya kufungua milango ya kazi. Anayekutoza pesa ili akuondolee roho ya kukataliwa, shika mkoba wako. Na anayekutoza pesa ili akupatie nafasi ya mahojiano, shika mkoba wako kwa mikono miwili.

Si kila "hapana" ni pepo. Hapana nyingi ni jibu la siku moja, kutoka kwa watu wachache, kuhusu nafasi moja. Ukiipa jina la laana, utakaa ukingoja mtu wa kukufungua, na hutauliza swali lolote. Ukiiita jibu, unaweza kuichunguza.

KAZI YENYEWE NI GANI?

Wengi mmeniuliza, meneja wa bidhaa anauza bidhaa gani? Hata mamake binti alidhani mtoto anaenda kusimamia duka.

Niwaeleze kwa lugha ya soko la Gakoromone. Mama anayeuza nyanya anajua kwamba mteja wa asubuhi na mteja wa jioni ni watu wawili tofauti. Wa asubuhi ana hoteli, anataka kreti. Wa jioni ametoka kibaruani na shilingi 20, anataka fungu la kupika leo. Mama hakufundishwa hayo darasani. Alimtazama mteja, akapanga mafungu upya, akaona yanaisha kabla giza halijaingia.

Meneja wa bidhaa anafanya hivyo kwa programu ya simu au huduma ya benki. Kwa kawaida si yeye anayeandika programu. Yeye anauliza: Tunamhudumia nani? Anaumia wapi? Tutengeneze nini kwanza, na nini tuache? Tutajuaje kwamba tumemsaidia? Halafu anawashawishi wahandisi, wachoraji na watu wa mauzo waelekee upande mmoja, ingawa wengi wao yeye si bosi wao.

Mfano uko mfukoni mwako. M-PESA haikuanza jinsi unavyoijua. Mwaka 2005 Vodafone na Safaricom waliijaribu Nairobi na Thika, wakishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu na benki ya Commercial Bank of Africa. Wazo lilitoka kwa Nick Hughes wa Vodafone, na Susie Lonie akatumwa Kenya kulisimamia. Wazo hilo lilikuwa watu wapokee na kulipa mikopo midogo kwa simu. Waliojaribu hawakufika hata 500.

Walipowatazama wateja wakaona jambo ambalo hawakulipanga. Mtu alikuwa akimlipia mwenzake mkopo. Mwingine aliweka pesa kwa simu kabla ya kusafiri ili asitembee nazo, akazitoa alikofika. Watu walikuwa wanatumiana pesa. Kwa hivyo huduma ilipofunguliwa nchi nzima Machi 2007, mkopo uliwekwa kando, na tangazo likawa la kutuma pesa nyumbani.

Lakini ona jambo hili. Wazo la mkopo kwa simu halikufa. Novemba 2012 lilirudi kwa jina la M-Shwari, na benki iliyokuwa nyuma yake ni ile ile Commercial Bank of Africa. Lililowekwa kando 2007 lilikubaliwa miaka mitano baadaye, likiwa na umbo jingine, katika nchi ambayo sasa ilikuwa imezoea pesa za simu.

Weka hilo moyoni, tutalirudia.

MARKO ALIKATALIWA KAZI

Sasa turudi kwenye Neno. Yohana Marko alikuwa kijana wa familia ya kanisa. Nyumba ya mamake Yerusalemu ndiyo watu walikokuwa wakiomba usiku Petro alipotolewa gerezani (Matendo 12:12). Barnaba na Sauli wakamchukua katika safari ya kwanza kama msaidizi. Walipofika Perga ya Pamfilia, akawaacha akarudi nyumbani (Matendo 13:13). Biblia haisemi ni kwa nini.

Safari ya pili ilipopangwa, Barnaba alitaka Marko arudishwe kazini. Paulo akakataa. Sababu yake ilikuwa wazi: huyu alituacha njiani. Wakabishana vikali, watumishi wawili waliojazwa Roho, mpaka wakatengana. Paulo akaenda na Sila. Barnaba akamchukua Marko wakapanda chombo kwenda Kipro.

Nataka uone mambo matatu hapa.

La kwanza, Marko hakurogwa. Paulo alikuwa na sababu, na sababu hiyo iliweza kutamkwa. Mara nyingi anayekukataa ana sababu inayoweza kutamkwa. Kazi yako ni kuitafuta.

La pili, hatuambiwi Marko alifanya nini miaka iliyofuata. Matendo inamfuata Paulo. Marko anatoweka kwenye kitabu. Wasomi wengi wanahesabu zaidi ya miaka kumi kabla jina lake halijaonekana tena katika barua za Paulo. Wewe uliyekataliwa, huenda uko katika miaka hiyo ya kimya, ambayo hakuna anayeiandika na hakuna anayeipigia makofi. Marko hakupotea humo.

La tatu, alirudi. Wakolosai 4:10 Paulo yuko kifungoni, na Marko yuko naye. Filemoni 24 anamhesabu kati ya watenda kazi pamoja naye. Na 2 Timotheo 4:11 anamwagiza Timotheo asije peke yake, ampitie Marko, kwa kuwa kuna huduma ambayo Paulo anamhitaji yeye. Mtu yule yule aliyesema hapana ndiye aliyemwita. Na mapokeo ya kanisa tangu zamani yanamtaja kuwa mwandishi wa Injili ya Marko.

ULIZA HAPANA YAKO INATOKA WAPI

Binti alikuja Ijumaa. Tuliomba. Kisha nikageuza karatasi ya matangazo ya kanisa, nikamwambia aandike nyuma yake kila swali analolikumbuka. Yalikuwa saba. Tulipofika swali la tano akanyamaza. Walikuwa wamemwuliza: "Tueleze kitu ulichokitengeneza au kukibadilisha, na ulijuaje kwamba kimesaidia?" Yeye alijibu kwa kutaja kozi alizosoma mtandaoni na vyeti alivyopata.

"Pasta," akasema, "waliniuliza nimepika nini, mimi nikawaonyesha vitabu vya mapishi."

Aliisema mwenyewe.

Mpendwa, hapana huja kwa njia mbalimbali. Kuna hapana ya "bado". Kuna upungufu, na unaweza kuzibwa. Hiyo ndiyo ilikuwa yake.

Kuna hapana ya kiti kimoja. Walikuja watu sita wanaofaa na kiti ni kimoja. Hapo huna dhambi ya kutubu wala shimo la kuziba. Umeshindwa na mtu mwingine mzuri, na kesho huenda huyo mwingine asiwepo.

Na kuna hapana ya dhuluma. Tusijifanye haipo. Kuna nafasi inayotangazwa wakati mwenyewe ameshachaguliwa, na kuna mtu anayeangalia jina lako la pili kabla ya kusoma wasifu wako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbagua hata mtu anayeomba kazi tu, kwa asili yake, jinsia, dini, ulemavu au ujauzito. Kama una ushahidi, peleka ofisi ya kazi. Kulalamika kwa njia ya haki si ukosefu wa imani. Yule mjane wa Luka 18 alimwendea kadhi, na Bwana alimtumia kama mfano wa kuigwa.

Usitibu malaria kwa dawa ya minyoo. Jua kwanza ni hapana gani.

UKITAKA KUOMBA TENA

Lia kwanza. Daudi alilia, Hana alilia, na Bwana wetu alilia. Jipe siku mbili tatu. Lakini siku hizo usiandike lolote kwa mtandao kuhusu kampuni ile, na usijibu barua pepe ukiwa na hasira.

Kisha jibu. Shukuru kwa mistari miwili, na uliza swali moja tu: "Ni jambo gani moja ambalo lingeimarisha ombi langu siku nyingine?" Wengine hawatajibu. Wengine watajibu. Binti wetu alijibiwa baada ya wiki mbili, na jibu lilikuwa lile lile tuliloliona nyuma ya karatasi: walitaka mfano wenye matokeo.

Kisha badilisha kitu kinachoonekana. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wanaomba tena na wasifu ule ule, majibu yale yale, wakitumaini kwamba wahojaji wamebadilika. M-Shwari haikuwa ule mkopo wa 2005 uliopakwa rangi. Kitu kilikuwa kimejengwa katikati.

Binti aliniuliza atatengeneza nini bila kazi na bila mtaji. Nikamwambia atazame karibu. Chama chetu cha akina mama kina mweka hazina ambaye kila mwisho wa mwezi alikuwa anakesha na daftari akilinganisha ujumbe wa M-PESA na majina. Pesa zilikuwa zinaingia kwa jina la mume, la mtoto, la jirani, kwa sababu laini si ya mwanachama mwenyewe. Binti alikuja na wazo la programu mpya ya simu. Nikamwambia aulize kwanza.

Akaketi na wanachama 12, mmoja mmoja. Akagundua hakuna aliyetaka programu. Wengine wana simu za kubonyeza. Walichotaka ni kujua siku ile ile kwamba pesa yao imeonekana na imeandikwa kwa jina lao. Akatengeneza ukurasa mmoja: kila mama aandike majina ya laini zote anazotumia kutuma. Na mweka hazina akakubali kutuma ujumbe wa uthibitisho siku hiyo hiyo. Mwezi wa kwanza malipo 9 hayakujulikana ni ya nani. Mwezi wa tatu yalikuwa 2. Na katika wale waliokuwa wakituma kwa laini ya mtu mwingine, mmoja alikuwa mamake mwenyewe!

Hakulipwa. Lakini sasa ana mteja aliyemtazama, shida aliyoiona, kitu alichoamua kutokitengeneza, na hesabu ya kabla na baada. Ana chakula alichopika.

Wewe pia unaweza. Kama si chama, ni SACCO ya bodaboda, ni duka la wakala, ni kliniki yenye foleni, ni shule ya Jumapili. Andika kurasa mbili, kwa maneno rahisi, na namba za kweli. Usidanganye namba. Mhojaji mzuri atakuuliza ulizipataje, na Mungu anazijua tayari.

Kisha omba tena kwa uwazi. Kampuni nyingi zina muda wa kungoja, miezi sita au mwaka, kabla ya kukupokea upya, uliza, uheshimu. Usijifiche kana kwamba hamjuani. Sema, "Niliomba kwenu mwaka jana, mkaniambia hivi, na tangu hapo nimefanya hivi." Na usidharau mlango wa pembeni. Wapo walioingia kwa kuhudumia wateja kwa simu, wakajua malalamiko ya wateja kuliko mtu yeyote ofisini, na ndipo wakahamia kwenye bidhaa.

JE, NIKIKATALIWA TENA?

Huenda unasoma haya kwa WhatsApp. Mmoja wa walioianzisha, Brian Acton, aliomba kazi Facebook mwaka 2009 akakataliwa, na Twitter pia wakamkataa. Mwaka 2014 Facebook hiyo hiyo ilikubali kuinunua WhatsApp kwa takriban dola bilioni 19. Wahamasishaji wanapenda kumaliza hapo na kusema, "Na wewe zamu yako inakuja!"

Mimi sitamaliza hapo. Acton alikuwa amefanya kazi Yahoo kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kukataliwa; hakwenda mikono mitupu. Na kwa kila Acton kuna maelfu waliokataliwa ambao hawakununuliwa na mtu. Sina mamlaka ya kukuahidi dola bilioni, wala kukuahidi kwamba kampuni ile itakuita.

Hata M-PESA yetu ilikataliwa. Ilipelekwa Afrika Kusini mwaka 2010, haikushika. Ikaanzishwa upya 2014, haikushika tena. Mwaka 2016 ikafungwa. Watu wengi kule tayari walikuwa na akaunti za benki, na shida iliyoifanya ipendwe Kenya haikuwa shida yao. Huduma ile ile, iliyokuwa baraka huku, kule haikuwa na nafasi. Je, tuseme M-PESA ililaaniwa?

Mimi mwenyewe nilipotoka chuo cha Biblia niliomba kazi ya kasisi katika shule moja ya bweni. Nikakataliwa. Mwaka uliofuata nikaomba tena, nikakataliwa tena. Walinipa sababu, na zilikuwa sababu za haki. Sikuomba mara ya tatu. Sitakuambia kwamba Mungu aliufunga mlango ule ili nije Majengo. Hayo ni yake kuyaeleza. Ninajua tu kwamba nilipoacha kuomba niliacha kwa amani, kwa sababu mara ya pili nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuliko ya kwanza.

Kwa hivyo jiwekee kipimo. Utaomba kampuni hii mara ngapi? Utakaa miezi mingapi kabla ya kuchukua kazi nyingine ya kukulisha? Paulo alishona mahema, na hakuna aliyesema mtume amefeli. Kijana anayeuza mitumba Gakoromone Jumamosi ili apate bando la kujifunza Jumatatu hajarudi nyuma. Anajilisha akingoja.

KANISA, TUWE BARNABA

Neno la mwisho ni letu sisi tunaokaa karibu na aliyekataliwa.

Rudi nyuma Matendo 9:26-27. Paulo alipofika Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi walimwogopa. Hawakuamini. Hakuna aliyemtaka. Ni nani aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume na kumtolea ushuhuda? Barnaba. Kwa hivyo huyu Paulo aliyemkataa Marko, yeye mwenyewe aliwahi kusimama nje ya mlango, na aliingizwa na mtu yule yule aliyekuja kusimama na Marko.

Barnaba hakumwambia Marko kwamba Paulo ni mchawi. Hakumwambia pia kwamba hakukosea kitu. Alimchukua wakaenda kufanya kazi.

Wewe uliye na kazi Nairobi, mpe kijana wa kwenu nusu saa kwa simu umhoji kama atakavyohojiwa. Wewe unayejua mtu ndani ya kampuni, usimwombee upendeleo, mwombee asikilizwe. Wewe mzazi, usimlinganishe na mtoto wa jirani wakati wa chakula. Na sisi sote, ukimwona kanisani usimkimbilie na swali la "Ulipata?" Mwulize anaendeleaje, halafu usikilize jibu.

Binti wetu aliomba tena. Kampuni ile ile, nafasi ya chini kidogo kuliko ya kwanza, miezi minane baadaye. Alihojiwa wiki iliyopita. Walimwuliza tena swali lile la tano, naye akawaeleza habari za akina mama na laini za M-PESA.

Jibu halijafika. Ninaandika leo makusudi, kabla halijafika, ili usije ukadhani Neno hili limekuwa kweli kwa sababu amepata, au limekuwa uongo kwa sababu amekosa. Jumapili iliyopita alikuwa kanisani, mstari wa tatu, na mamake kando yake. Huo kwangu ni ushuhuda tayari.

Tuombe.

Baba, tunawaleta mbele zako wote waliopokea hapana wiki hii. Wape kulia bila aibu. Wape ujasiri wa kuuliza sababu na unyenyekevu wa kuisikia. Mikono yao isikae bure katika miaka ya kimya. Walionyimwa kwa dhuluma, watetee. Na sisi tulio karibu nao, tupe moyo wa Barnaba. Kwa jina la Yesu. Amina.

Kama unamjua mtu aliyekataliwa kazi juzi, mtumie ujumbe huu, halafu mpigie simu. Usiishie kutuma tu. Na kama wewe ndiye, niandikie kwa faragha mambo mawili: walikuuliza nini, na utabadilisha nini. Nitaomba nawe kwa hayo mawili.

Ubarikiwe, mpendwa.

Pasta wako, Majengo